Pazia na komeo: tunahama Windows kwa kumkimbia nani?

Mwezi uliopita niliingia kwenye steshenari moja karibu na Mwenge kuchapa mkataba wa pango. Dada wa pale akaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Nikamtumia, akaanza kuutafuta kwenye kompyuta ya dukani, na folda ya vipakuliwa ikajaa skrini nzima huku mimi nimesimama nyuma yake nasubiri. Nikasoma bila kutaka: kitambulisho cha NIDA cha mtu, pande zote mbili. Cheti cha kuzaliwa. Barua ya kuacha kazi. Majibu ya maabara yenye jina kamili la mgonjwa. Fomu ya mkopo wa chuo yenye sahihi ya mdhamini. Faili za miezi na miezi, za watu waliolipa mia tano yao, wakachukua karatasi na kwenda zao. Chini, pembeni kulia, kulikuwa na yale maandishi hafifu yanayokumbusha kwamba Windows hiyo haijasajiliwa.

Siku hizohizo kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuwa ananihimiza nihame Windows ya Microsoft nihamie Linux, mfumo endeshi mwingine, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Hoja yake wengi mmeshaisikia: Microsoft inakuchungulia, Linux haikuchungulii, hivyo mwenye kujijali anahama. Nimeipima hoja hiyo kwa uzito kwa sababu sehemu kubwa yake ni kweli. Lakini kila nikiiweka karibu na ile kompyuta ya Mwenge naona kuna watu wengi haiwafikii.

Katika mazungumzo haya huwa tunachanganya vitu viwili. Faragha ni pazia: nani anaona yaliyomo ndani. Usalama ni komeo: nani anaweza kuingia. Nyumba inaweza kuwa na mlango wa chuma na dirisha lisilo na pazia, na nyingine ikawa na pazia zito huku mlango umeegeshwa tu. Anayechagua mfumo endeshi kwa ajili ya pazia na anayechagua kwa ajili ya komeo wanaweza kuishia kwenye mifumo tofauti, na wote wakawa sahihi.

Upande wa pazia, wanaoishuku Windows wana kesi nzito. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja na utaratibu wa kuipelekea Microsoft taarifa za jinsi unavyotumia kompyuta yako, na kwenye toleo la kawaida huwezi kuuzima wote, unaupunguza tu. Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, iliipa kampuni hiyo miezi mitatu ijirekebishe kwa sababu ilikuwa inakusanya kupita kiasi. Ilijirekebisha, na mwaka uliofuata shauri likafungwa. Ikaja Windows 11, ambayo toleo lake la nyumbani linakutaka uwe na intaneti na akaunti ya Microsoft kabla hujaanza hata kuitumia. Kisha Mei 2024 ikatangazwa Recall, huduma ya kupiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache ili baadaye uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Picha zilikuwa zinabaki ndani ya kompyuta, hilo lazima lisemwe. Ila wataalamu walipoonyesha jinsi ambavyo mtu akiingia kwenye kompyuta hiyo angezizoa zote kirahisi, kampuni ililazimika kuahirisha, kuzifunga picha hizo kwa usimbaji, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo, na kuifanya huduma iwe ya hiari. Sikubaliani na wanaosema hiyo ilikuwa bahati mbaya. Mtu aliyekaa mezani akaona ni wazo jema kuhifadhi kila kinachopita machoni pako ana fikra fulani kuhusu nani mwenye kompyuta.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na Juni 2013, Edward Snowden alipotoa nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Kwenye nyaraka za PRISM, mpango wa kukusanya mawasiliano ya watu kutoka kampuni za intaneti, Microsoft ilitajwa kuwa ya kwanza kuingia, mwaka 2007, na Apple ikatajwa kuingia 2012. Kampuni zilikana kwamba zilitoa mlango wa moja kwa moja kwenye mitambo yao. Imani iliyovunjika siku ile haijarudi mpaka leo.

Hapa Dar nikilisema hili, jibu la kwanza huwa ni: sasa Marekani itafanya nini na hesabu za duka langu la vitenge? Nimelisikia mara nyingi na silikubali. Kwanza, Katiba yetu, ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuhifadhiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na haikusema haki hiyo ni ya wakubwa tu. Pili, wengi wetu hatubebi siri zetu peke yetu. Wakili ana siri za wateja. Muuguzi ana za wagonjwa. Mwandishi wa habari ana mtu aliyemwamini akamnong'oneza jambo. Mwalimu mkuu ana faili la mtoto ambaye nyumbani kwao kuna shida. Kwa watu hawa, swali la kompyuta inazungumza na nani usiku ni swali la kazi yao.

Basi Linux. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na hoja yake kubwa ya faragha ni kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, uko wazi: mwenye uwezo anausoma, akikuta uchafu anapiga kelele. Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Hata jina Ubuntu, lililochaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka huohuo kwa toleo lake la Linux, Mswahili halihitajii kamusi. Ni utu.

Lakini utu huo nao uliteleza. Oktoba 2012, Ubuntu 12.10 ilitoka ikiwa na kisanduku cha kutafutia ambacho, ukiandika jina la faili lako mwenyewe, kilipeleka maneno hayo nje kupitia mitambo ya kampuni yake ili kukuletea bidhaa za Amazon. Richard Stallman, baba wa programu huria, aliliita jambo hilo upelelezi waziwazi. Ilichukua mpaka toleo la 2016 kwa kitu hicho kuja kikiwa kimezimwa. Na Korea Kaskazini ina mfumo wake, Red Star, uliojengwa juu ya Linux hiyohiyo. Wachunguzi wa Ujerumani walionyesha mwishoni mwa 2015 kwamba unaweka alama ya siri kwenye faili zinazopita humo, ili ijulikane nani alimpa nani. Msimbo huria unaweza kutumiwa na mlinzi na ukatumiwa na mpelelezi.

Kisa kinachonikaa kichwani zaidi ni cha Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima mwendo wa programu akagundua kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Wengi wetu tungesema mtandao uko chini. Yeye alifuatilia, akafika kwenye xz, kifurushi kidogo cha kubana faili ambacho karibu kila Linux inacho na ambacho kilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejisogeza hapo kwa zaidi ya miaka miwili, anasaidia kazi, anajenga jina, mpaka akapewa funguo. Alipozipata akapachika mlango wa siri. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina za Linux. Ungebaki wiki chache zaidi, ungeenea kwenye mitambo inayobeba sehemu kubwa ya shughuli za dunia.

Wapenzi wa Linux wanasema: mnaona, msimbo ulikuwa wazi ndiyo maana alikamatwa. Wapinzani wanasema: mnaona, msimbo ulikuwa wazi na macho yote hayo hayakuona kitu mpaka mtu mmoja akaudhika na nusu sekunde. Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa sababu kama msimbo ungekuwa umefungwa Freund angefika ukutani na kugeuka. Ila siwezi kumdanganya mtu kwamba uwazi ni ulinzi. Uwazi ni nafasi ya ulinzi, na nafasi hiyo inahitaji mtu aliye macho. Freund mwenyewe, kwa taarifa, ameajiriwa na Microsoft.

Mac, kompyuta ya Apple, niiseme kwa kifupi kwa kuwa hapa mjini ni ya wachache. Kufunga diski kwa nywila kunakuja nayo bure na kunafanya kazi vizuri. Lakini Novemba 2020, siku toleo jipya lilipotoka, mitambo ya Apple ilielemewa na Mac duniani kote zikawa nzito kufungua programu; ndipo wengi walipojua kwamba kompyuta yao huwasiliana na kampuni kuhakiki programu wanazofungua. Pazia la Apple ni zuri, ila aliyelishona anabaki sebuleni.

Sasa turudi Kariakoo, maana mjadala wote huu umeandikwa na watu wa nchi ambako Windows inakuja halali ndani ya boksi. Kwetu mambo hayako hivyo. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Uarabuni, na kituo cha kwanza baada ya kununua ni kwa fundi kupigiwa Windows. Nimekaa kwenye benchi la fundi mtaa wa Aggrey nikaangalia kazi inavyokwenda. Alichomeka flashi ambayo siku ile tu nilishaiona ikitoka kwenye kompyuta tatu. Jambo la kwanza baada ya Windows kuwaka ni kuzima kinga ya virusi.

"Ukiiacha inaila hii programu ya kuisajilia," akanieleza.

Nikamuuliza nitaiwasha lini.

"Usiiwashe, kaka. Ukiiwasha itadai leseni tena."

Kijana yule hakuwa mbaya, na kazi yake anaijua. Lakini tazama alichoniuzia kwa elfu kumi na tano: mlango bila komeo, na maelekezo kwamba komeo lisirudishwe. Programu hizo za kusajilia kiujanja zenyewe ni njia inayojulikana ya kupitishia wezi. Mwishoni mwa 2021 wachunguzi wa usalama walionya kuhusu nakala za KMSPico, moja ya zile maarufu, zilizofungashwa pamoja na programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Na mwenye Windows iliyochakachuliwa mara nyingi huzima masasisho pia, kwa kuogopa ujanja usije ukagundulika, na kwa sababu masasisho yanakula bando. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali za Uingereza. Tundu vilimopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakupokea kiraka.

Kwa hiyo, kwa watu wengi wa mji huu, ulinganisho wa kweli uko kati ya Windows iliyochakachuliwa na Linux halali. Ukiuweka hivyo, Linux inashinda kwa usalama kabla hata hatujafika kwenye faragha. Unaipakua kutoka kwa wenyewe, haikuombi uzime kinga, viraka vinakuja bila kuulizwa leseni. Leseni ya Windows 11 ya nyumbani kwa bei ya Marekani ni dola 139, zaidi ya laki tatu. Kuna laptopu za mtumba zinazouzwa karibu na pesa hiyo.

Hapo hapo kuna jambo ambalo vijana wa Linux hawalisemi, na mafundi nao hawalisemi. Laptopu nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina leseni yake imeandikwa ndani ya ubao mama. Ukipakua Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lilelile iliyokuja nalo, ikipata intaneti inajisajili yenyewe. Yaani kuna mamia ya kompyuta mjini humu zinazotembea na Windows ya wizi ilhali halali yao wanayo mfukoni. Mwenye laptopu ya namna hiyo, anayetumia programu za uhasibu au CorelDRAW ambazo Linux haina, simwambii ahame. Namwambia adai kilicho chake, awashe kinga, apokee viraka, na apitie mipangilio ya faragha kimoja baada ya kingine.

Tatizo jipya ni la 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipofikishwa mwisho wa viraka vya bure. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, na laptopu nyingi za Kariakoo ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa masharti: ingia kwa akaunti yao, na kati ya njia za kuupata ni kulipa dola 30, au kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Soma tena njia hiyo ya mwisho. Unapewa komeo ukisogeza pazia. Sijaona mfano ulio wazi zaidi wa jinsi vitu hivi viwili vinavyouzwa kwa kubadilishana.

Niseme la nyumbani. Shangazi yangu ni katibu wa kikoba huko Tabata, wanawake ishirini na wachache. Hisa, mikopo, marejesho, nani kachelewa na kwa nini: yote aliyaweka kwenye laptopu, kwa sababu daftari lilikuwa linasomwa na kila mgeni aliyekaa kwenye kochi. Mwaka jana vijana wa pikipiki walimpora begi akiwa kwenye bajaji, njia ya Buguruni. Kilichomliza hakikuwa laptopu.

"Mwanangu, humo ndani kuna mambo ya watu," alirudia kuniambia. Mama mmoja alikuwa amekopa kumtibu mtoto na mumewe hajui. Mwingine alikuwa na deni la rambirambi. Laptopu haikuwa na nywila hata ya kufungulia, na hata kama ingekuwa nayo, mtu akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine anasoma kila kitu kama kawaida.

Kompyuta aliyonunua baadaye niliiwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Sababu haikuwa Microsoft wala NSA. Wakati wa kuisimika kuna kisanduku kimoja cha kuweka tiki, diski nzima inafungwa kwa nywila, na funguo anabaki nazo shangazi peke yake. Windows nayo inaweza kufunga diski, ila BitLocker, programu yake ya kufungia diski, iko kamili kwenye toleo la Pro, na kwenye toleo la nyumbani, pale panapowezekana, ufunguo wa akiba unapelekwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Hilo si baya kwa kila mtu. Shangazi akisahau nywila yake leo, hesabu za kikoba zimekwenda; angekuwa na ufunguo kwa Microsoft angeokoka. Ndiyo maana tuliiandika nywila kwenye karatasi, ikafungwa kwenye bahasha, ikakaa kwa mwenyekiti.

Wiki ya tatu akanipigia. Barua ya jumuiya aliyoletewa kwa Word imefunguka na mistari imehama, nembo imeshuka ukurasa wa pili. Printa ilihitaji saa nzima ya kutafutiwa draiva. Na fundi wa pale jirani, alipoiona, alimwambia kompyuta hiyo "haina Windows" kwa sauti ya kumpa pole. Gharama hizi ni za kweli na anayekuhimiza uhame bila kuzitaja hakutakii mema. Komeo ambalo fundi wa mtaa mzima hajui kulifungua lina shida yake: siku likikwama, utaita nani? Shangazi ananiita mimi. Asiye na mpwa afikirie mara mbili.

Halafu kuna simu. Mtu anaweza kuhamia Linux, akafungua Chrome, akaingia na akaunti yake ya Google, na kila anachokisoma kikaenda kulekule kilikokuwa kinakwenda. Jioni akashika simu akapakua programu ya mkopo wa haraka inayoomba kusoma majina yote ya kwenye simu, ili akichelewa kulipa wakwe zake watumiwe ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Katika watu ninaowajua waliodhalilishwa kwa kuvujishiwa taarifa, hakuna aliyedhalilishwa na mfumo endeshi wa kompyuta. Ilikuwa simu, au mtu aliyeachiwa kompyuta.

Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Sheria haisemi utumie mfumo gani. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo mwenye zahanati, shule ndogo au ofisi ya uwakili anayekaa na Windows iliyochakachuliwa hana tena ruhusa ya kusema hilo ni lake binafsi. Hapo ndipo ningependa kelele zetu zielekee, kuliko kubishana nani anamchungulia mwanafunzi anayetazama mpira.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile steshenari nikamkuta mwenye duka. Nilimwonyesha folda ile, akanyamaza, kisha akaniambia hakuwahi kuifungua kwa lengo la kuiangalia. Ana kompyuta mbili. Ya picha za pasipoti tumeiacha na Windows, kwa kuwa Photoshop anaihitaji na laptopu yenyewe ilikuwa na leseni yake ndani. Ile ya kuchapia tumeiwekea Mint na kuwasha akaunti ya mgeni: mteja anaingia WhatsApp yake, anachapa, dada akifunga akaunti kila kitu kinafutika, na mteja anayefuata anaikuta tupu. Bado wanalalamika kwamba kuingia upya kila mara kunachelewesha foleni. Amesema ataijaribu mpaka mwisho wa mwezi.